Ndiyo Arobaini za Mbwera

Katika kitabu kile nimetajwa mara moja tu, ukurasa wa thelathini na moja, na hapo penyewe jina langu halimo. Imeandikwa hivi: "Mwanamke mmoja wa Mbwera alinionyesha namna wanavyoanika kamba." Basi. Mwanamke huyo mmoja ni mimi, Hajira binti Saidy, na kamba, hao wa baharini, nilimwonyesha kweli, ila hayo yalikuja mwisho. Yaliyotangulia yote ameyaruka.

Kitabu kinaitwa Sikio Kwanza. Aliyekiandika ni Gharibu Mkumba, mzaliwa wa Mtawanya, kule kwenye mikorosho kando ya barabara kuu. Vijana wa Dar es Salaam wanaoanzisha kampuni hutembea nacho mkononi, na nasikia Nairobi na Kampala pia kinasomwa. Wanasema kabla yake watu walikuwa wakianzisha biashara kwa kubahatisha, yeye ndiye aliyewafundisha kuuliza kwanza. Fundisho lake kubwa linaitwa Ndiyo Arobaini. Usinunue hata msumari mpaka watu arobaini wasio ndugu zako wawe wamekwambia ndiyo, tunakitaka hicho unachotaka kutengeneza. Hapa Mbwera, huku deltani, kuwapata watu arobaini wasio ndugu zako ni kazi kuliko biashara yenyewe, lakini hilo hakuliandika.

Naeleza aliyoyaruka, maana bila hayo habari ya boti haieleweki.

Miaka kumi na minne iliyopita Gharibu alikuja hapa akiwa kijana mwembamba, na karatasi yenye mchoro wa kabati. Kabati la mbao lenye nailoni nyeupe juu, la kukaushia kamba na samaki kwa jua, nzi wasiingie. Alipita nyumba kwa nyumba. Kila nyumba alikaribishwa, akatandikiwa mkeka, akapewa chai, akauliza kama wangelitaka kabati hilo. Wanawake arobaini wakasema ndiyo. Alirudi Kibiti kwa furaha, akatengeneza makabati arobaini, akayaleta kwa boti mbili.

Yalipokelewa kwa shukrani. Baada ya miezi mitatu alikuja kutazama. Moja lilikuwa na kuku. Moja lilikuwa madrasani likitunza juzuu, maana lina nailoni na mvua haipiti. Mengi yalikuwa na nguo. Kila alipouliza, aliambiwa kabati ni zuri, Mungu akuzidishie. Hakuna aliyemdanganya kwa ubaya. Mtu amekuja kutoka mbali, ameketi mkekani kwako, amekunywa chai yako, halafu umwambie hapana? Watu wa kwetu hawajalelewa hivyo, na yeye mtoto wa Mtawanya alipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote. Alilijua, akalisahau mjini.

Mimi sikuwa katika wale arobaini, nilikuwa kwenye msiba Maparoni. Aliponikuta aliniuliza kama nitachukua la kwangu. Nikamwambia hapana, silitaki. Wanawake waliokuwa uani kwangu waliinamisha vichwa kwa aibu. Nikampeleka diko, pale mitumbwi inaposhusha, siku ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mpevu. Nikamwonyesha kwamba wakati wa bamvua kamba wanakuja wote kwa mara moja, ndoo kumi kwa nyumba, na kabati lake linameza ndoo mbili. Nikamwambia tunachokosa ni nyavu za kuanikia zilizonyanyuliwa juu ya mchanga, mahali mnunuzi akipita anaona toka mbali. Akaleta nyavu. Zikachukuliwa zote, na kutoka hapo kampuni yake ikakua mpaka Mtwara na Tanga, akaja kuiuza akiwa bado kijana. Kisha akaandika kitabu, na katika kitabu zile ndiyo arobaini za makabati akazihamishia kwenye nyavu.

Kwangu mimi lililobaki ni jina. Tangu siku ile naitwa Mama Hapana. Mwanzoni lilikuwa la mzaha, baadaye likawa jina kabisa, na ukishaitwa hivyo neno lako halina uzito tena. Ukikataa, watu wanasema ndivyo alivyo.

Binti yangu Mwanajuma alikuwa na miaka kumi na miwili wakati wa makabati. Sasa ana ishirini na sita, amesoma stashahada ya biashara, amerudi nyumbani na kitabu kile kimeachana na jalada kwa kusomwa. Ni msichana wa akili, na haogopi jua wala tope. Nampenda kuliko ninavyomwonyesha, na yeye hilo hajui.

Marehemu baba yake, Abdulazizi, alituachia boti ya mbao yenye injini. Ina mabenchi matano marefu ya mbao za mtondoo, aliyoyaranda mwenyewe. Mdogo wangu Haruna ndiye nahodha, na boti hiyo ndiyo inayotupeleka Nyamisati kupanda gari la Kibiti, wagonjwa, wanafunzi, na wenye shughuli zao za ofisini. Tunakula kwa boti hiyo.

Wazo la Mwanajuma lilikuwa hili. Boti isibebe tena watu. Mabenchi yakatwe, katikati liwekwe sanduku kubwa la barafu, na kila bamvua azunguke vijito vyote akusanye kamba na kaa wabichi, awapeleke Nyamisati kuwauza yeye mwenyewe kwa niaba ya wavuvi, wao wabaki nyumbani wapumzike. Sanduku lilikuwa tayari. Fundi Mudy alilitengeneza kwa plaiwudi ndani na nje, katikati akajaza lile povu jeupe linalofungiwa televisheni. Lilikuwa kubwa kiasi kwamba lililala uani kwetu wiki mbili na mbuzi akalala juu yake.

Na ndiyo arobaini alikuwa nazo. Alipita Mbwera yote na vijito vyake, akawaandika wote kwenye daftari, jina kwa jina.

"Hizo ndiyo ni za adabu tu," nilimwambia.

"Mama, wewe ni Mama Hapana. Hata ningekuletea pepo kwenye sinia ungesema ina chumvi."

"Mabenchi yakishakatwa hayaungwi tena. Baba yako yule aliyekuwa akiyaranda hayupo."

"Najua hayupo," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nilijua vizuri nilichokuwa nikikiogopa. Akikosea kwenye karatasi atafuta. Akikosea kwenye boti, tutabaki watu wenye sanduku, na hakuna mwingine wa kutupeleka popote. Na niliogopa jambo la pili, kwamba hata nikiwa na haki hatanisikia, kwa sababu ni mimi.

Mwezi uliopita Gharibu akapiga simu. Kitabu kilikuwa kinatimiza miaka kumi, alitaka kurudi Mbwera na kamera, aonyeshe mwanzo ulikotokea. Mwanajuma akamsimulia habari ya boti. Gharibu akafurahi mno. Wakapanga kwamba mabenchi yakatwe mbele ya kamera, na yeye mwenyewe awepo.

Mimi nilipata matumaini, nakiri. Nilijisemea kwamba kuna mtu mmoja tu duniani ambaye mwanangu atamsikia, na mtu huyo ndiye anayejua kuliko wote ndiyo ya Mbwera ina thamani gani.

Walikuja siku moja kabla ya bamvua, yeye na kijana wa kamera anayeitwa Dulla, ndani ya boti yetu, pamoja na magunia ya barafu kutoka Kibiti yaliyofunikwa kwa pumba za mpunga. Barafu ikawekwa ndani ya sanduku, ambalo vijana walikuwa wameshalibeba mpaka diko. Gharibu alinikuta jikoni nakuna nazi.

"Shikamoo, dada Hajira."

"Marahaba. Umenenepa."

Akacheka. Akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa, na hilo lilinifurahisha kidogo. Niliendelea kukuna.

"Nimesomewa kitabu chako," nikasema. "Makabati sikuyaona."

"Waliokisahihisha walisema msomaji anataka mwanzo mmoja, si miwili."

"Basi Mwanajuma mpe ule wa kwanza. Mwambie kilichokupata. Mwambie kabla msumeno haujagusa mbao."

"Unadhani hawamtaki?"

"Nadhani wamemwambia ndiyo kama walivyokwambia wewe."

Nilimwona akikumbuka, maana aliangalia nje kwa jirani yangu Bi Zamda, na kwa Bi Zamda lile kabati lake bado lipo, na kuku wametagia humo vizazi kadhaa.

"Nitamwambia, dada," akasema.

"Lini?"

"Leo hii. Tukimaliza kula."

Akanipa mkono. Nilikuwa na machicha ya nazi vidoleni, hakujali.

Tulikula ukumbini. Wali wa nazi wa mpunga wetu wenyewe, kamba wa kukaanga, na kisamvu. Mwanajuma alimpakulia mwalimu wake kwa mkono wake, akamwongeza, akamwongeza tena. Kisha akafungua daftari akasoma majina yote arobaini kwa sauti. Zamda, ndiyo. Bashiru, ndiyo. Subira, ndiyo. Mudrick wa kijito cha juu, ndiyo, na mkewe Habiba, ndiyo. Dulla alikuwa amepiga goti anachukua picha.

"Mwalimu," akasema alipomaliza. "Wewe unaonaje? Nikate?"

Gharibu aliitazama kamera. Akanitazama mimi. Kisha akalitazama sinia lililokuwa mbele yake, wali ukiwa bado unatoa moshi.

"Ndiyo," akasema. "Umefuata kila hatua. Kata."

Dulla akamwomba arudie akiwa ameelekea mlangoni, kwenye mwanga. Akarudia. Mara ya pili ilitoka vizuri zaidi.

Nilimchukia palepale. Nilimchukia hata nikaona haya kwa jinsi nilivyomchukia, mgeni, chakula kikiwa mdomoni mwake. Na wakati huohuo nilijua kilichomfunga ulimi, kwa sababu ni kilekile. Mtoto wa watu amekupakulia, anakutazama kwa macho yale, utamwambiaje hapana? Alifundisha Afrika nzima jinsi ya kuuliza, na alipoulizwa yeye akajibu kama mwanamke wa Mbwera aliyeletewa kabati. Ikawa ndiyo ya arobaini na moja.

Baada ya swala ya alasiri tulishuka diko. Boti ilikuwa imekaa kwenye tope, maji yametoka. Mudy alikuwa ameshanoa msumeno. Watu wachache walikuja kutazama, wakakaa kwa mbali kwa heshima.

Neno nililozoea kulisema lilikuwa mdomoni. Nililimeza, kwa sababu nilijua nikilisema atakata kwa haraka zaidi ili tu niache kusema. Nikamwita pembeni.

"Sina neno," nikamwambia. "Ila waambie waweke ndoo."

Hapa inabidi nieleze. Diko kwetu mwanamke anayetaka kamba wa mtumbwi fulani huweka ndoo yake kwenye mstari, mchangani, kabla mtumbwi haujafika. Ndoo inasimama badala yake. Anaweza kwenda zake nyumbani kupika, hakuna atakayeisogeza. Mchana kutwa watu wataambiana ndiyo, nakuja, nitachukua, na hakuna anayeshika hesabu ya maneno hayo. Kinachohesabiwa ni ndoo. Ukiona ndoo ya mtu, ujue anakuja. Usipoiona, humuulizi, na yeye haoni haya.

Mwanajuma alinitazama kwa mashaka. "Wameshasema ndiyo, Mama."

"Ndiyo maana. Kwa aliyesema ndiyo, ndoo ni kitu gani? Kesho bamvua, barafu ipo. Wenye kutaka boti iwapelekee waweke ndoo asubuhi, mbele ya boti. Ukishaziona, kata."

Nilidhani atakataa. Lakini Dulla alikuwa amesikia, akasema mstari wa ndoo utapendeza sana kwenye picha kuliko kukata mbao jioni hii yenye mawingu. Gharibu naye akatoa kijitabu mfukoni, akaandika, akasema ndoo ni wazo zuri. Sikuamini masikio yangu. Miaka kumi na minne imepita na bado alikuwa anaandika.

Basi kukata kukaahirishwa kwa ajili ya picha. Mwanajuma akatuma ujumbe kwenye simu za watu, na muadhini akaombwa atangaze baada ya magharibi.

Usiku ule nililala vizuri sana. Nilikuwa na hakika. Nilijua asubuhi kutakuwa na ndoo tatu, nne kwa wingi, na Mwanajuma ataona mwenyewe bila mimi kufungua mdomo. Mimi mwenyewe sikuandaa ndoo. Kwa nini niandae? Nilikuwa nakwenda kutazama.

Nilipofika diko jua lilikuwa limeshapanda na maji yamejaa, boti inaelea. Mstari wa ndoo ulianzia kwenye nanga ukapita kwenye vichanja ukaenda mpaka karibu na msikiti. Ndoo nyeupe, za bluu, madumu yaliyokatwa juu, beseni moja jekundu. Nilihesabu mpaka thelathini na mbili nikaacha, kwa sababu zilizobaki niliziona vizuri bila kuhesabu. Zote zilikuwa zimejaa kamba, juu wamefunikwa kwa majani ya mkoko.

Niliona aibu, na aibu yenyewe ilinishuka mpaka miguuni. Walisema ndiyo na ilikuwa ndiyo. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimejiaminisha kwamba mimi peke yangu katika Mbwera ndiye nasema kweli.

Mwanajuma aliniona. Angenisimanga ningepumua. Aligeuka tu, akamwambia Haruna aanze kupakia, na Mudy apande na msumeno wake.

Haruna akasema, "Haya, jamani, leteni ndoo."

Hapo ndipo nilipowatazama watu wenyewe. Mpaka wakati ule nilikuwa natazama ndoo. Bi Zamda alikuwa amevaa doti mpya na mkoba begani. Bashiru alikuwa na viatu vyake vya ngozi mkononi, asije akavilowesha. Subira alimshika mtoto wake mwenye jino bovu, amemvalisha sare ya shule ingawa ilikuwa Jumamosi. Habiba alibeba chapati ndani ya kitambaa, chakula cha njiani. Wote walikuwa wamevaa kama watu wa safari.

Wakampa Haruna ndoo moja baada ya nyingine. Kisha wakainua nguo kidogo, wakaingia majini, wakapanda. Wakakaa kwenye mabenchi.

Mudy alisimama katikati ya boti na msumeno. Benchi aliloambiwa alianze lilikuwa na Bi Zamda. Bi Zamda alimwona amesimama, akasogea akampisha nafasi, akidhani anatafuta pa kukaa.

Injini ilikuwa bado haijawashwa. Mwishowe Gharibu akasogea mpaka ubavuni mwa boti, suruali imekunjwa magotini, maji yanampiga mapajani.

"Bi Zamda, na wewe unasafiri?"

"Nasafiri, baba."

"Mwanajuma si alisema atawapelekea yeye, ninyi mpumzike?"

"Alisema. Mungu amzidishie."

"Na wewe ukakubali."

"Nikakubali."

"Sasa?"

"Sasa nakwenda na kamba wangu," akasema Bi Zamda, kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Wakipimwa niwepo."

Mimi niliyekaa diko miaka thelathini, jambo hilo sikuwa nimeliwaza, na mwenyewe sijawahi hata mara moja kutuma mzigo wangu ukaenda peke yake. Hakuna mtu wa delta anayefanya hivyo. Mzigo unakwenda na mwenyewe, amekaa ubavuni mwake, macho kwenye mizani, na akimaliza anapita Kibiti kununua dawa au kumng'oa mtoto jino. Waliposikia boti ya barafu walifurahi kweli, kwa sababu kamba wao wangefika wabichi. Kwamba wao watabaki nyuma, hilo waliliacha lipite. Lilikuwa jambo la ajabu kiasi kwamba walidhani ni namna tu ya binti mdogo ya kuzungumza.

Mwanajuma alikuwa amesimama kwenye tezi, nyuma ya boti, na daftari lake. Alilifungua, akapitisha kidole kwenye majina, kisha akalifunga.

"Niliwauliza habari ya barafu," akasema, bila kumwambia mtu. "Ya mabenchi sikuwauliza."

"Na tukiyakata, Bi Zamda?" akauliza Gharibu.

"Mtakavyoona ninyi wenyewe, baba," akajibu Bi Zamda, na akaushika ukingo wa benchi kwa mkono mmoja.

Kila mtu alikiona kile kiganja. Nadhani hata yeye hakujua kuwa ameshika.

Gharibu akamwashiria Dulla ashushe kamera. Dulla akashusha. Gharibu akamgeukia Mwanajuma, na sauti yake ilikuwa ndogo, si ile ya jana ya mlangoni.

"Mimi nilileta makabati arobaini hapa," akasema. "Kila mmoja aliniambia ndiyo. Hakuna lililotumika hata moja. Jana nilitakiwa nikwambie na sikukwambia."

"Langu linatumika," akasema Bi Zamda haraka, kumhurumia. "Kuku wamelizoea sana."

Watu walicheka, na yeye Gharibu akacheka, lakini macho yake yalikuwa na maji. Sikumwonea huruma wakati ule. Baadaye kidogo.

Mwanajuma hakucheka. Alikuwa akiyatazama mabenchi ya baba yake, moja baada ya jingine, na watu waliojaa juu yake, na ndoo zilizobanwa kati ya miguu yao. Maji yalikuwa yameanza kugeuka, na Haruna alikuwa anakohoa kohoa kama afanyavyo akitaka kuondoka.

"Mudy," akasema, "weka msumeno."

"Nisikate?"

"Utakata sanduku. Mara mbili kwa urefu, liingie chini ya mabenchi. Utaziba upande ulio wazi. Lakini si leo, leo maji yanatoka." Akageukia watu. "Barafu igawanywe kwenye ndoo. Kila mtu achukue ya kutosha afunike."

Ikabebwa kutoka kwenye sanduku kwa sufuria na kwa mikono, watu wakapokezana. Mtoto wa Subira alishika kipande shavuni, upande wa jino bovu. Gharibu na Dulla wakapanda nao, kwa sababu gari lao lilikuwa Nyamisati. Wakabanwa nyuma, na Gharibu akapewa beseni jekundu alipakate, maana chini hapakuwa na nafasi. Kijitabu chake kilikuwa mfukoni na mikono yote miwili ina kazi.

Nilibaki mchangani. Nilikuwa nimefurahi, na nilikuwa nimeshindwa, na sikujua lipi liko juu ya lipi. Mabenchi yalikuwa salama, lakini si kwa sababu niliyoitoa mimi. Mimi nilisema watu hawamtaki, na walimtaka kiasi cha kuvaa nguo mpya.

Mwanajuma alishuka akaja mpaka nilipo, maji yanamtiririka kwenye pindo la gauni.

"Mama," akasema. "Unaonaje?"

Alikuwa hajaniuliza swali hilo tangu alipokuwa msichana mdogo. Nilikuwa na mengi ya kusema, habari ya chumvi, habari ya mfuniko wa sanduku, habari ya Haruna anayependa kuchelewa. Nikayaacha yote.

"Ndiyo," nikasema.

Akanitazama usoni. Alinitazama kwa muda mrefu, kwa namna ambayo nilikuwa nimemfundisha mwenyewe bila kujua. Kisha akatazama mkono wangu wa kulia, na wa kushoto, na mchanga uliokuwa pembeni yangu, mtupu.

"Ndoo yako iko wapi?"

Nyumbani, kwenye kichanja, kulikuwa na kamba wangu wa alfajiri ambao Mudrick aliniletea na ambao sikuwa na mpango wa kuwapeleka kokote. Ndoo zilikuwa jikoni zimefudikizwa.

Nikaondoka kwenda kuichukua. Mwanzoni nilitembea, maana mtu wa umri wangu hakimbii mbele ya watu, lakini nilipopita msikiti nikashika kanga nikakimbia. Nikajaza ndoo, nikavaa doti ile niliyoiweka kwa ajili ya Idi, nikasahau kufunga mlango.

Niliporudi maji yalikuwa yameshuka kiasi cha kuonyesha mizizi ya mikoko, na Haruna alikuwa ameshikilia boti kwa mti mrefu isikwame. Watu arobaini walikuwa wamekaa juani wakinisubiri, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu hawajalelewa hivyo. Mwanajuma alipokea ndoo yangu kwa mikono miwili. Akatafuta kipande cha mwisho cha barafu, akakiweka juu ya kamba wangu, akafunika kwa majani. Bi Zamda akasogea tena, nami nikakaa.